Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mama hakuwahi kupima.
"Chumvi kiasi," alisema, "tui kiasi,
moto usiwe na hasira."
Nikamwuliza kwa simu, kiasi ni kiasi gani?
"Cha kutosha, Mwanakheri. Huna ulimi?"

Basi nikanunua mizani ndogo hapa Huddersfield,
nikawa napika usiku baada ya zamu,
mkono ukitaka kumwaga, nikiusitisha hewani,
unga urudi bakulini, upimwe, uandikwe.
Iliki nilizihesabu moja moja
kama mtu anayehesabu nauli ya kurudi.

Mapishi sitini na matatu. Miezi kumi na minne.
Nikadhani nimeipua.
Kumbe ndiyo kwanza nabandika.

Nilijifunza kwamba kitabu kina mgongo,
na unene wa mgongo hutegemea karatasi;
kwamba picha lazima ivuke ukingo milimita tatu
ili kisu cha mchapaji kisiache ufito mweupe;
kwamba nambari ya kitabu hununuliwa,
moja ni ghali, kumi ni nafuu,
na mimi, mtoto wa sokoni, nikanunua kumi.
Tisa zimebaki. Zinanitazama.

Binti yangu Nasra aliipiga picha biriani dirishani
kabla jua la Novemba halijabadili nia.
Tuliila imepoa, imepakwa mafuta ing'are.

Masanduku manane yalipanda ngazi mabegani mwa dereva
na kwa furaha nikampa kitabu,
cha juu kabisa, kabla sijafungua changu.
Alikitia kwapani, akaenda na mvua yake.

Ndipo nikafungua. Nikanusa wino.
Ukurasa wa arobaini na moja, mbaazi za nazi:
*Chumvi, kikombe kimoja.*

Kikombe!
Kijiko kilikwenda wapi?
Mara saba nilisoma, nikaapa nimesoma.
Nasra akasema, "Mama, ni neno moja tu."
Neno moja, mwanangu, lenye nakala mia tatu.

Tukanunua kalamu nyeusi.
Usiku ule, na uliofuata, na uliofuata,
nikakata, nikaandika: kijiko, kijiko, kijiko,
mpaka herufi zikapoteza maana
na kidole cha shahada kikaota sugu.

Mwenye duka la vitabu, kijana mpole,
alikizungusha akikitafutia rafu:
si Bara Hindi, si Uarabuni.
"Acha viwili, tuone."
Asilimia arobaini ni yake.
Ukitoa uchapaji, ukitoa basi,
nabakiwa na bei ya kitunguu.

Kizuri chajiuza, tuliambiwa.
Kizuri nacho hupakatwa kwenye basi.
Jumamosi ya kwanza sokoni watu walipita mezani
wakitabasamu kwa upole, kama wanaopita msiba.
Ya pili nilikuja na sufuria.
Nikafunua mfuniko, nikanyamaza.

Bibi mmoja, mdomo umejaa, alifungua arobaini na moja.
"Huu mwandiko ni wako?"
Wangu.
"Basi nipe hikihiki."
Na wa nyuma yake akataka chenye mwandiko.
Sikusema kwamba vyote vinao.

Vyote, isipokuwa kimoja.
Kila gari la vifurushi lilinitoa nje na kandambili.
Alirudi Februari, na mzigo wa jirani.
"Zile mbaazi," alisema.
Moyo ukagota.
"Tulitia nusu kikombe. Tukaona kimoja kimezidi."
Zikawaje?
"Tulikunywa maji mpaka asubuhi."

Akakileta kutoka garini.
Kilikuwa na doa la manjano, kona imekunjwa kwenye mahamri.
Nikatoa kalamu.
"Usijisumbue, mke wangu ameshasahihisha."
Na kweli, pembeni, kwa penseli,
kwa mwandiko ulioinama:
*onja kwanza.*